Mdundo wa Kumlaza Trajko

Bibi harusi alikuwa hajavuka geti la baba yake, nasi tumeshawasha kombi. Vyombo tulivirundika ovyo, mabomba makubwa ya kupuliza juu ya matarumbeta, ngoma yangu imelala chali. Sretko alishika usukani. Kaka yake, Trajko, alikaa nyuma kabisa, ameziba mdomo kwa taulo walilompa wenye harusi asubuhi ile. Walipompa lilikuwa jeupe.

Baba wa bibi harusi alitukimbilia hadi kwenye lami, kofia mkono mmoja, mkono wa pili ngumi.

"Rudini, mbwa nyie! Binti yangu atolewe kimya kimya kama anapelekwa hospitali?"

"Usisimame," nilimwambia Sretko.

"Nani anasimama, mzee? Hata breki nimesahau iko wapi."

Kilichotokea ni hiki. Kwetu Vranje bibi harusi hatoki kwao bila tarumbeta. Wimbo wa kumtoa una mahali pamoja pa juu sana, na hapo tarumbeta ya kwanza hupiga peke yake, sisi wengine kimya, akina mama wakilia. Trajko ndiye tarumbeta ya kwanza, na siku hiyo alikuwa na malengelenge mdomoni, siku ya tatu. Alikuwa ameyapaka dawa ya meno, akayaunguza kwa rakija, pombe yetu kali ya matunda, akayafunika kwa poda ya mkewe. Alipofika kule juu mdomo ukapasuka. Sauti ikavunjika, naye badala ya kuacha akazidi kukandamiza, na tone la damu likaruka likatua kwenye shela. Mama mmoja akapiga yowe. Baada ya yowe lile hakuna kikundi ambacho kingebaki kungoja supu.

"Kaka, nilikwambia tangu asubuhi," Sretko alisema. "Nipe mimi kule juu. Ukasema hapana."

"Endesha gari."

"Naendesha. Lakini nilikwambia."

"Sretko. Gari."

Mimi ni Ajdin. Ngoma kubwa nilianza kuipiga kwa baba yao, marehemu Kurta. Nikaiacha, nikaenda Trieste kubeba magunia, nikaenda Skopje kujenga baada ya tetemeko, nikakaa miaka miwili kwenye meli za makaa ya mawe mto Danube, nikarudi. Kila niliporudi ngoma ilikuwa inaningoja, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Ni nzito. Kusoma nilijifunza jeshini, na mengine nimeyaokota njiani. Kwa hiyo ninayosema kuhusu ugonjwa ni yale niliyoyasikia kwa daktari kwa masikio yangu, sijaongeza.

Tulipofika darajani Trajko aliondoa taulo mdomoni.

"Agosti tunakwenda Vrelo," alisema.

Vrelo ndiko kunakofanyika mashindano ya vikundi vyote vya mabonde yetu. Wawili wa kwanza wanapelekwa mbele, kwenye mkutano mkubwa wa nchi nzima.

"Mdomo ukinisaliti na kule, tarumbeta ya baba namkabidhi Sretko palepale, watu wakiona. Mimi narudi kiwanda cha viatu."

Sretko, tarumbeta yetu ya pili, alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka kumi. Nilimtazama kwenye kioo, na hakuwa na furaha hata chembe.

"Usiseme hivyo, kaka."

"Nimeshasema."

Ilikuwa mwanzo wa Juni.

Yale malengelenge yalimwanzia akiwa na miaka kumi na tisa, siku tulipomzika Kurta. Julai, jua la saa saba mchana, yeye mbele ya jeneza anampigia baba yake tarumbeta kutoka nyumbani hadi makaburini. Jioni mdomo ukaanza kuwasha, kesho yake yakatoka, manne, yamejaa maji. Tangu hapo yalirudi. Yakipona, alianza kungoja yanayofuata. Kabla ya harusi yoyote kubwa ungemwona anapitisha ulimi hapo, anapitisha tena, anakwenda kwenye kioo cha gari. Akiogopa, yanakuja. Yakija, anaogopa zaidi. Na mpiga tarumbeta hana mdomo wa akiba.

Watu nao hawakunyamaza. Sokoni walisema kayaokota kwa wanawake wa stendi ya Niš. Mkewe Stanka alisikia akiwa ameshika kabichi, na aliyesema aliipokea kabichi hiyo kichwani. Stanka alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya maji ya moto ya Serikali, wanakokuja watu wenye baridi yabisi na magonjwa ya ngozi. Ndiye aliyeleta habari.

"Kuna daktari pale, mama mmoja, anawalaza watu usingizi kwa maneno. Mtu anajikuna miaka, analazwa, anaacha kujikuna."

"Kuku ndiye analazwa," Trajko alisema. "Unamchorea mstari wa chaki mbele ya mdomo, analala."

"Basi na wewe atakuchorea. Jumatano saa nne. Mzee Ajdin atakupeleka ili usije ukashukia kilabuni."

Daktari Vukosava alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, koti jeupe lenye tundu la sigara mfukoni. Alimshika Trajko kidevu kama mtu anayechagua farasi.

"Hii ni hepesi. Ni virusi," alisema. "Umeipata utotoni, shangazi fulani alikubusu. Nusu ya watu wa wilaya hii wanayo, wengi hawajui."

"Naweza kuiua?"

"Hapana."

"Basi nimekuja kufanya nini?"

"Kuiacha ilale. Inakaa hapa ndani, kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya shavu, imelala. Ikipata jua kali inaamka. Ukipata homa, inaamka. Na hofu pia inaiamsha. Wewe, Trajko, unaigongea mlango kila siku kuiuliza kama imeamka."

Alimpa dawa ya kupaka. Alimwambia avae kofia juani, aoshe kwa spiriti kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni, asimpe mtu mwingine apulizie, asibusu watoto yakiwa yametoka. Na asinywe kwenye chupa inayozungushwa.

"Daktari, harusini chupa inazunguka kwa wote. Nikiiruka watasema nawadharau."

"Waambie daktari wako ni mchawi, kakukataza."

"Hilo wataamini," nilisema mimi. Akanitazama, akacheka kwa kukohoa.

Kisha akamlaza kwenye kitanda cha ngozi, mimi nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la mbao ukumbini. Mlango ulikuwa mwembamba, nilisikia yote. Sauti yake ilishuka, ikawa nzito na ya polepole. Mwili mzito, macho mazito, nahesabu kutoka kumi. Kumi. Tisa. Nane. Saba. Sita.

"Daktari, samahani," Trajko alisema.

"Nini?"

"Saba unaivuta. Halafu sita unaikimbiza."

"Usinisikilize ninavyohesabu. Sikiliza ninachosema."

"Ndiyo, daktari. Lakini unaikimbiza."

Mara ya pili saa ya ukutani ilipishana na sauti yake. Akaiondoa. Mara ya tatu Trajko aligundua kwamba daktari anavuta pumzi kati ya neno la nne na la tano, kila mara, na akaanza kuingoja pumzi hiyo. Daktari alitoka ukumbini kuwasha sigara.

"Nimelaza mahakimu," aliniambia. "Nimelaza mkuu wa polisi. Huyu ananisahihisha! Hivi nyie mkoje?"

"Ndiyo kazi yake, daktari. Amezaliwa kwenye nyumba inayohesabu midundo."

Mwisho wa Juni yakatoka tena, mawili. Tulifuta ubatizo mmoja. Trajko hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliisugua tarumbeta ya baba yake akaifunga kwenye kitambaa, kama kitu ambacho tayari ni cha mtu mwingine.

Mara ya nne nilikaa benchini kama kawaida. Sauti ya daktari ilikuwa imechoka, inasoma kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Mimi nilikuwa namfikiria Kurta, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya joto. Ghafla mlango ukafunguka. Daktari alikuwa ameweka kidole mdomoni. Nyuma yake nikaona mkono wa Trajko umening'inia kitandani, wazi, kama mkono wa mtoto aliyelala.

"Unapiga nini?" alininong'oneza.

"Sipigi kitu, daktari. Ni vidole tu."

"Njoo na vidole vyako humu ndani. Usiache."

Niliingia nikaendelea kugonga ubavuni mwa kabati. Hapo ndipo nilipojisikiliza. Mapigo mawili mazito, kimya kirefu, moja jepesi. Ulikuwa mdundo wa makaburini, ule wa kumtoa maiti nyumbani hadi shimoni, na nilikuwa nimeupiga kwa Kurta huku Trajko yuko hatua tatu mbele yangu.

Kwetu mdundo huo haupigwi kwa aliye hai, hata kwa mzaha. Mpiga ngoma akiuanza kwa bahati mbaya, wanaume wanatemea ngozi ya ngoma mara tatu, na ngoma hairudi ndani ya nyumba mpaka ipigwe na jua la siku ya pili. Namjua mmoja aliyeupiga kilabuni akiwa amelewa, na shemeji yake akafa wiki hiyo. Alikuwa anaumwa tangu zamani, lakini nani atakayekwambia hivyo?

Nilitaka kuacha. Daktari akanikazia jicho. Akaanza kusema, safari hii juu ya mdundo wangu: uko uwanjani kwenu, kuna bomba la maji la mkono. Unalipampu. Maji ni baridi. Yanapita mkononi, yanapanda begani, yanafika mdomoni. Kilicho nyuma ya shavu kimelala, na baridi hiyo inakifunika. Uso wa Trajko ukalegea, sehemu baada ya sehemu. Sikuwahi kuuona hivyo, na nimemjua tangu hana meno.

Nje nilimwambia daktari ukweli.

"Huo mdundo ni wa maiti."

"Malengelenge yalimtoka lini mara ya kwanza?"

"Siku hiyo hiyo. Nilipompigia baba yake."

"Sijui anaona nini humo," alisema. "Sitajifanya najua. Najua amelala. Piga."

Nilimwambia na Trajko mwenyewe, tukisubiri basi. Nilitegemea atanipiga.

"Unafikiri sikuujua?" alisema. "Nilikuwa mbele yako siku ile, Mzee Ajdin."

"Basi niache."

"Ukiacha, nitaanza kumhesabia daktari."

Tukaendelea. Jumatano kwa daktari, na siku nyingine mbili nyumbani kwake, alasiri, yeye kitandani, mimi nikigonga meza kwa vidole na kurudia maneno ya bomba la maji jinsi nilivyoyakariri. Stanka hatukumwambia. Hilo lilikuwa kosa. Siku moja ile nyumba ya maji ya moto ilifungwa mapema kwa sababu ya bomba kupasuka, akarudi na beseni la mashuka yaliyolowa. Alimkuta mumewe amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumba, na mimi kichwani pake napiga mdundo wa makaburini.

Beseni lilianguka. Halafu shuka lililolowa likanipata shingoni.

"Umemuua! Kizee cha laana, umekula kwangu miaka yote, umemuua mume wangu!"

"Stanka, mwanangu, ngoja."

"Ningoje nini? Umeleta na jeneza?"

Trajko alifumbua jicho moja.

"Stanka," alisema kwa sauti ya mbali. "Niko katikati. Subirini dakika tano, halafu mpigane."

Stanka alikaa juu ya beseni lililopinduka, akalia, akacheka, akanipiga tena. Tulipomweleza, alisema tufanye kama daktari alivyosema, lakini kijiti cha ngoma akakifunga uzi mwekundu, na ndani ya ngoma akatia kitunguu saumu, kufukuza mabaya. Mpaka leo kimo.

Julai mdomo ulimwasha mara mbili. Mara ya kwanza kukatoka kimoja kidogo. Mara ya pili nilimlaza, akapaka dawa, na hakikutoka kitu. Alinionyesha mdomo kwenye mwanga wa dirisha, ananigeuzia hivi na hivi kama mtoto anayeonyesha jino. Ningepaswa kufurahi. Lakini mimi nilikuwa nimempigia mtu hai mdundo ule mara kumi na tatu. Akikohoa, nilisikia kooni mwangu. Mbwa wa jirani akalala mbele ya geti lake mchana kutwa, kwetu dalili ya msiba, nikamfukuza kwa mawe. Nilianza kuyakwepa macho ya wazee kanisani. Kama Trajko angekufa mwaka ule, hata kwa kugongwa na trekta, ningejua ni nani aliyemuua.

Asubuhi ya Vrelo tulikuwa tumeingia kwenye korongo, barabara ina kivuli bado, Trajko akagusa mdomo. Upande wa kulia, pembeni. Aliugusa mara moja tu, akashusha mkono, akaukalia.

"Inakuja?" nilimuuliza.

"Inabisha hodi."

Sretko aliongeza mwendo, kana kwamba tungeweza kuiacha nyuma.

Vikundi vilikuwa kumi na viwili, wote tumefungiwa kwenye uwanja wa shule ya msingi nyuma ya jukwaa. Jua limekaa juu ya vichwa. Matarumbeta zaidi ya hamsini yanapasha moto kwa wakati mmoja, kila moja na wimbo wake, huwezi kusikia jina lako. Sisi tulikuwa wa sita. Walipopanda wa nne, Trajko alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bati.

"Nilaze."

"Hapa? Trajko, hapa kila mtu anaujua."

"Nilaze, mzee. Nikipanda hivi nitakandamiza kama kule harusini. Najijua."

Tulikwenda chini ya ngazi za shule, penye kivuli kidogo. Alikaa chini akaegemea ukuta. Nilijaribu kugonga ukuta, hakusikia kwa ile kelele. Nikajaribu goti lake, akatikisa kichwa. Nikavuta ngoma. Nikaupiga kwa ncha za vidole, pembeni kabisa ya ngozi, chini niwezavyo. Lakini ngoma ni ngoma, na masikio yaliyokuwa pale uwanjani hayakuwa ya watu wa kawaida.

Tarumbeta ya karibu ikanyamaza. Kisha ya pili yake. Kimya kikaenda kinapanuka hadi uwanja mzima ukawa unasikiliza, na mimi sikuthubutu kuacha kwa sababu macho ya Trajko yalikuwa yameshafumba.

Durmiš alikuja wa kwanza. Yeye ndiye tarumbeta ya kwanza ya bonde la pili, mtu mnene mwenye meno mawili ya dhahabu, aliyetushinda miaka mitatu mfululizo.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," nilisema.

"Basi unamzika nani? Mimi? Unakizika kikundi changu, mzee?"

Alinishika mkono wa kushoto. Nikaendelea na wa kulia. Nyuma yake watu walikuwa wanatema chini, na mmoja akasema tutolewe kwenye mashindano, mwingine akasema tuvunjiwe ngoma. Sretko alijipenyeza katikati.

"Kaka anaumwa jino, bwana Durmiš. Jino tu."

"Kwa jino unapigiwa mdundo wa makaburini? Nyie mmerogwa au mnaroga?"

Hapo Trajko alisema, macho bado yamefumba, kwa ile sauti yake ya mbali.

"Durmiš, mwachie mzee. Ni mimi. Natokwa na malengelenge mdomoni karibu kila mwezi tangu baba alipokufa. Sikuyapata kwa wanawake wa Niš. Naogopa, na nikiogopa yanatoka. Daktari ananilaza kwa mdundo huu. Nisipolala sasa, mdomo utanipasukia mbele ya watu."

Sijawahi kusikia wapiga tarumbeta wengi hivyo wakiwa kimya. Durmiš alimwinamia. Mkono wangu bado ameushika.

"Yale yanayojaa maji?" aliuliza.

"Yale."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Mimi kushoto," Durmiš alisema, taratibu sana, nadhani tulisikia watu watatu. Akaniachia mkono. Akatemea ngoma yangu mara tatu, inavyotakiwa, kisha akageuka na mwili wake wote mnene akasimama mbele ya ngazi kama mlango.

"Mnatazama nini? Hamjaona mtu amekaa? Pulizeni huko!"

Kelele ikarudi. Niliyasema maneno ya bomba la maji hadi mwisho.

Tulipanda. Wimbo wa kwanza ni wa polepole, ulikwenda salama. Wa pili ndio wa kasi, na una kilima mwishoni, Trajko peke yake, juu kabisa, juu kuliko ule wa kumtoa bibi harusi. Mimi nasimama nyuma yake, kwa hiyo mdomo wake siuoni. Naona shingo. Miaka yote nimeisoma shingo ile. Akianza kukandamiza, inawiva kutoka kwenye kola kwenda juu, na ikifika masikioni ujue kinachofuata.

Tulipokaribia kilima ilianza kuwiva.

Ikafika nusu. Nilihisi vijiti vinateleza mikononi mwangu, na nikawaza mambo mawili kwa pamoja, lile tone kwenye shela, na mara zote nilizompigia mdundo ule, kwamba labda nilichokuwa namzikia siku zote ni tarumbeta yake. Nilitaka kupunguza mwendo ili kilima kisifike.

Halafu mabega yake yakashuka. Hivi hivi, kama mtu aliyetua ndoo. Aliiondoa tarumbeta mdomoni, akamgeukia Sretko, akamwinulia nyusi.

Sretko, aliyekiomba kilima kile miaka kumi, almanusura akose kuingia. Nusu ya pigo alichelewa. Kisha akakishika akapanda nacho, na Trajko akairudisha tarumbeta taratibu, akaenda chini, kwenye sauti ya pili, mahali ambapo mdomo haufanyi kazi kubwa, akamtandikia mdogo wake njia mpaka juu. Watu walipiga makofi. Walidhani tumepanga.

Tukawa wa tatu. Wanaokwenda mbele ni wawili.

Nyuma ya kombi Trajko alijitazama kwenye kioo. Kilikuwepo, pembeni kulia, kimoja, kikubwa kama punje ya dengu, kimeshapasuka lakini damu hakuna.

"Kimekuja," alisema.

"Nakiona."

"Nilikisikia kinakuja, nikakiacha kije."

Aliifungua tarumbeta ya Kurta kwenye kitambaa, akamnyooshea Sretko. Sote tulikuwa pale.

"Nilisema."

"Ulisema mdomo ukikusaliti," Sretko alijibu. Hakuipokea. "Sijaona usaliti. Nimeona umenipa mwenyewe."

"Sretko, chukua."

"Siku nyingine, kaka. Leo nimechelewa nusu pigo, mzee huyu ni shahidi."

"Ni kweli, alichelewa," nilisema.

Trajko aliitazama ile tarumbeta kama anatafuta mahali palipoandikwa cha kufanya. Kisha akaifunga tena, akaingia nayo kwenye kombi, akakaa mbele.

Baada ya hapo Trajko alipiga tarumbeta ya kwanza miaka kumi na mmoja zaidi, na siku ambazo mdomo haukuwa mzima alipiga ya pili. Malengelenge yalimtoka mara tatu au nne kwa mwaka, hayakuisha. Kiwanda cha viatu kilifungwa, kwa hiyo hakurudi. Alikufa Novemba moja kwa ugonjwa wa moyo, na mdundo niliupiga mimi. Durmiš alikuja kumpigia tarumbeta bila kuitwa. Durmiš huyo alikuwa ameanza kwenda kwa daktari mwezi ule ule wa Agosti, akiingilia mlango wa nyuma, na sasa yuko kwa mwanawe Leskovac, hapigi tena. Daktari Vukosava alistaafu, akafa kwa mapafu. Bibi harusi wa lile tone la damu ana watoto watatu. Sretko alikwenda Vienna, anaendesha tramu, na tarumbeta ya Kurta anayo yeye. Kombi iliuzwa. Mimi nilizunguka tena kidogo, Bitola, halafu Thessaloniki, magoti yakanirudisha. Stanka yu hai. Ngoma iko ukumbini kwake, na juu yake ameweka mitungi ya pilipili.